Mteja wa Pili

Mzee Vernon Skoglund alikutwa sakafuni jikoni kwake Jumatano alfajiri, na kwa jinsi daktari alivyoona, alikuwa amelala pale tangu Jumatatu. Hakukuwa na jeraha wala mlango uliovunjwa. Kulikuwa na sufuria ya supu iliyokauka jikoni na redio iliyokuwa bado inaongea peke yake. Mpelelezi Lorna Haataja ndiye aliyeizima. Simu ilikuwa imemtoa kitandani kungali giza, akavaa suruali juu ya nguo za kulalia, akatoka bila hata funda la kahawa.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amekaa ofisini kwa Carol-Ann Bruder, juu ya duka la viatu, dirisha likitazama ziwa. Baridi ilikuwa kali hata ziwa likawa linafuka. Carol-Ann alikuwa na kampuni ya kuwajulia hali watu wanaoishi peke yao, na mzee Skoglund alikuwa mteja wake.

"Kazi yetu ni rahisi," Carol-Ann alisema, akaweka kitufe cheupe mezani. "Mteja anabonyeza hiki kila siku kabla ya saa tatu asubuhi. Maana yake nimeamka, sina neno. Asipobonyeza, mfumo unamtumia ujumbe mtu wetu wa eneo lile. Mpitie fulani, mtaa fulani. Na unarudia kila saa moja mpaka mteja abonyeze."

Lorna hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa na chake, kando ya birika. Hospitali ndiyo iliyomwandikisha mwaka juzi alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, kwa jina la mume aliyekwishaondoka, maana bima ilikuwa bado ya jina hilo. Kazini hakumwambia mtu. Akichemsha maji alikuwa anabonyeza bila kufikiri, na hakuwahi kukosa.

"Na siku ya Jumatatu ujumbe haukutumwa?" aliuliza.

"Ulitumwa," ilijibu sauti ya pembeni.

Alikuwa Gordy Slattery, mtu mzima mwenye mabega mapana, aliyeendesha gari la manispaa la kusukuma theluji mpaka akastaafu. Sasa alikuwa anajitolea kuwapitia wateja wa mlimani. Kofia yake alikuwa ameiweka mapajani na alikuwa anaizungusha.

"Nimetumiwa tangu Jumatatu, afande. Shida ni hicho nilichotumiwa." Akanyoosha simu.

Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Tafadhali mpitie Mteja@3b07d9e.

"Nilidhani ni matapeli," Gordy alisema. "Wiki iliyopita wengine waliniandikia nimeshinda friji. Nikafunga simu nikaendelea kula."

Carol-Ann akaingilia, na alionekana alikuwa anaingoja nafasi.

"Ni Kou Vang. Fundi wangu wa programu. Ijumaa aliniletea barua ya kuacha kazi, na Ijumaa hiyo hiyo akafuta mistari iliyokuwa inaandika jina la mteja. Cheo alichokitaka nilimpa mtu mwingine. Unganisha mwenyewe."

Ilikuwa rahisi kuunganisha, na Lorna hakupenda mambo yanayojiunganisha kwa urahisi namna hiyo. Lakini utaratibu ni utaratibu.

"Mfumo unafanya kazi mpaka sasa?"

"Unafanya."

"Uzime. Sitaki mtu auguse mpaka wataalamu wetu wautazame. Wateja mtawapigia simu kesho asubuhi, mmoja mmoja."

Carol-Ann akauzima pale pale. Ilikuwa amri ya kawaida, ambayo Lorna alikwishaitoa katika kesi nyingine bila kujuta. Alipiga picha ujumbe wote uliokuwa kwenye simu ya Gordy, akamshukuru, akapanda mlimani.

Kou Vang alifungua mlango akiwa na soksi. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, macho mekundu. Lorna akavua mabuti kizingitini, maana aliona viatu vimepangwa, na soksi yake ya kulia ikaonekana ina tundu.

"Mpelelezi, beji namba 417," alisema.

"Najua kwa nini umekuja. Carol-Ann ameniandikia. Neno moja tu. Muuaji."

Sebuleni palikuwa na kiti kimoja cha kukunja na kompyuta. Jikoni chungu cha umeme cha wali kilikuwa kinatoa mvuke, chungu cha ukubwa wa kulisha familia nzima. Ndugu zake wote wako mjini Saint Paul, alisema alipoona Lorna anakitazama. Hajazoea kupika kidogo. Akampa mgeni kiti, yeye akaketi kwenye zulia.

"Ulifuta ile mistari?"

"Nilifuta."

"Kwa nini?"

Kou akachukua kikombe chake cha chai akakiweka katikati yao.

"Ndani ya programu yetu, kila kitu kinaweza kuulizwa, wewe nani? Na lazima kijibu kwa maandishi. Kikombe, ankara, mteja, vyote ni vitu. Usipokifundisha kitu jibu lake, kinalo jibu la kurithi. Kinataja aina yake, halafu ile alama ya kwenye barua pepe, halafu namba. Basi. Mimi ni Mteja, namba yangu hii. Hakijui kusema zaidi."

"Namba tu."

"Kama wewe pale mlangoni," Kou alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

Lorna hakucheka, ingawa alistahili kuchokozwa. "Lakini huyu wenu alikuwa amefundishwa."

"Carol-Ann alimfundisha zamani, akiwa peke yake na kompyuta moja. Mteja akiulizwa wewe nani, anamwaga kila kitu. Jina, mtaa, simu, dawa anazomeza, nani alimtoroka, nani anajikojolea. Hayo ni majibu ya sisi mafundi tunapotafuta kasoro. Tatizo ni kwamba yalikuwa yanaandikwa kwenye kumbukumbu ambazo hata vibarua wa nje wanazisoma. Nilimwambia mpaka nikachoka. Nikaona siondoki pale nikiacha siri za wazee wa watu ziko uchi. Nikayafuta."

"Hukujua ujumbe wa Gordy unaandikwa kwa jibu hilo hilo?"

"Hakuna anayechukua jibu la mafundi akamwandikia binadamu. Lile ni la kunong'onezana humo ndani." Akakisogeza kikombe. "Lakini ningetafuta ningeona. Sikutafuta. Nilikuwa nataka kuondoka."

"Carol-Ann anasema ni kisasi."

"Aliyeunganisha jibu la mafundi na ujumbe wa Gordy ni Carol-Ann." Kou akageuza kompyuta. "Na kwetu mtu hafuti kitu peke yake. Lazima mwingine aidhinishe. Hiyo hapo sababu niliyoandika, kulinda siri za wateja. Soma jina la aliyeidhinisha."

Lorna akasoma. Lilikuwa la Carol-Ann Bruder mwenyewe, Ijumaa jioni, na chini yake neno moja: sawa.

"Nyani haoni kundule," Lorna alisema.

"Hasomi. Anabonyeza tu sawa."

Basi kisasi kikafa hapo. Mzee Skoglund hakuuawa na mtu mwenye chuki. Alikufa kwa sababu mmoja alikuwa na haraka mwaka wa kwanza na mwingine alikuwa na heshima mwaka wa mwisho, na kati yao hakuna aliyemuuliza mwenzake. Lorna alisikitika kuliko ambavyo angesikitika kwa mauaji, kwa sababu muuaji angemkamata. Akatoa simu ili apitie zile picha mara ya mwisho, na ni tabia yake kuzisoma namba kwa sauti ya chini, tarakimu kwa tarakimu.

Akaacha kusoma katikati.

"Hii namba inabadilika yenyewe?"

"Haibadiliki. Asubuhi ya kwanza mfumo ukiwashwa unawapakia wateja wote, kila mmoja anakuwa na yake. Anakaa nayo mpaka mfumo uzimwe. Sisi tuliuwasha Jumapili."

"Basi leo asubuhi mtu aliuzima akauwasha." Akamwonyesha. "Jumatatu ni tatu, b, sifuri, saba. Jumanne, sifuri, saba. Leo saa tatu ni sifuri, saba. Dakika chache baadaye ni saba, sifuri. Zimebadilishana mahali. Mimi na Gordy tuliona ni ujumbe ule ule unajirudia."

Kou akaichukua simu. "Labda uliwashwa upya, ndiyo. Ukiwashwa upya wote wanapata namba mpya."

"Angalia unaofuata. Wa saa nne."

Kou akaangalia. Ulikuwa sifuri, saba tena.

"Ungekuwa umewashwa upya," Lorna alisema polepole, "ile ya zamani isingerudi."

"Isingerudi."

"Na baada yake, saba sifuri nayo imerudi. Moja haijachukua nafasi ya nyingine. Zinakwenda pamoja." Alisimama bila kujua amesimama. "Hawa ni watu wawili. Kuna mtu mwingine hajabonyeza leo."

Wali ulikuwa unachemka jikoni. Kou alikuwa amekwishavuta kompyuta mapajani.

"Namba yenyewe haisemi ni nani, lakini mfumo ukiwa hai naweza kuingia kwenye kumbukumbu yake nikamtafuta mwenye namba hiyo nikaona jina. Nusu saa. Hata chini ya hapo." Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. "Haunijibu. Umezimwa. Nani kauzima?"

"Mimi," Lorna alisema.

Kou alimtazama, na hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Vipi kumbukumbu za waliobonyeza, Lorna aliuliza. Nazo zinaandikwa kwa jibu lile lile, Kou alisema. Zimejaa akina Mteja na namba zao. Na namba zote hizo, tangu Lorna alipotoa amri yake, hazimhusu tena mtu yeyote duniani.

Lorna akampigia Carol-Ann akiwa anavaa mabuti. Wapigie wateja wote wa eneo la Gordy, sasa hivi, asiyepokea nipe.

"Nawapigia. Lakini mwanasheria wangu yuko hapa," Carol-Ann alisema, sauti imekuwa ndogo. "Anasema majina nisitoe mpaka ulete karatasi ya hakimu. Siri za wateja."

"Bi Bruder, kuna mtu yuko sakafuni."

"Ndiyo maana nitampa Gordy mitaa. Majina siwezi."

Gari la Lorna lisingezunguka vile vilima vyote upesi na theluji ile, kwa hiyo Gordy alikuja kumchukua kwa lake, ambalo lilikuwa na koleo kubwa mbele na harufu ya mbwa wake aliyekufa zamani. Gordy alikuwa amepewa mitaa ya wasiopokea simu na alikuwa ameiweka kichwani. Miaka yote ile ya kusukuma theluji, alisema, hakuna mlango wa mlimani asioujua, ila wenye milango ndio hakuwajua.

Mlango wa kwanza walipiga mpaka mkono wa Gordy ukauma. Bibi mmoja akafungua, televisheni ikinguruma nyuma yake.

"Mpelelezi, beji namba 417. U mzima, bibi?"

"Eeh? Sinunui kitu."

Wa pili ulikuwa wa mpishi wa zamani wa meli za madini. Alikuwa amekwishawaona kupitia dirishani, na walipofika juu alikuwa ameweka vikombe vitatu mezani.

"Simu nilisikia," alisema. "Nilidhani ni wale wa kuuza bima. Ingieni, kuna keki."

"Tuna haraka, mzee," Lorna alisema. "Tulitaka kujua kama u mzima."

"Mzima. Hata hamketi?" Akawatazama wakishuka. "Mtarudi lini?"

Gordy akasema Jumamosi. Garini akasema tena, kama anayejiagiza, Jumamosi.

Wa tatu ndio uliowatisha. Mlango haukufungwa, nyumba kimya, kahawa imepoa mezani. Lorna alipita chumba hadi chumba, akiangalia kwanza sakafu. Ni Gordy aliyeona moshi nyuma ya nyumba. Mama mmoja wa Kifini alikuwa kwenye kibanda chake cha mvuke, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akawatukana kwa lugha mbili na kuwaambia wafunge mlango, wanamtolea joto lake.

"Huyo hafi leo," Gordy alisema.

Wakacheka, wakaacha kucheka. Jua lilikuwa linashuka, na baridi ilikuwa imeanza kuchora vioo. Mtu aliyeanguka asubuhi akiwa karibu na mlango, moto umezimika, asingefika usiku. Lorna aliiona miguu ya mtu huyo wazi kabisa, imetokeza nyuma ya meza, na viatu vya ndani vimechomoka. Ilikuwa ni miguu ya Vernon Skoglund. Hakuwa na mingine ya kuifikiria.

"Umebaki mmoja," Gordy alisema. Akawasha gari. Baada ya kona mbili akasema, "Ningeweza kupiga simu ofisini nikauliza, hii takataka mmenitumia ni nini. Dakika moja tu. Vernon alikuwa ananiwekea magazeti ya michezo."

Lorna hakumwambia kwamba asingeweza kujua, kwa sababu angeweza. "Na mimi ningeweza kuacha mfumo ukiwaka," alisema.

"Basi tuko wawili." Gordy akapangusa kioo kwa mkono wa koti. "Kwako hawakungoji? Jioni hii."

"Wamezoea nachelewa."

Ndivyo alivyokuwa akimjibu kila aliyemuuliza. Hakukuwa na wa kuzoea.

Gari likapinda kwenye duka la mikate lililofungwa, likaanza kupanda. Lorna alikuwa akitazama madirisha, yapi yana taa na yapi hayana, na akashtuka kwamba anazijua taa zote.

"Umepotea njia," alisema.

"Mimi? Nimeisukuma theluji ya mtaa huu kabla hujazaliwa. Nyumba ya njano, ngazi za pembeni, mlango wa juu."

Akasimamisha. Nyumba ilikuwa ya njano. Ngazi zilikuwa za pembeni. Koleo lilikuwa limeegemea ukuta mahali lilipoachwa, na kwenye ngazi ya tatu kulikuwa na gazeti la leo ndani ya mfuko wa buluu, halijaguswa. Juu hakukuwa na taa. Ndani, kando ya birika ambalo leo halikuchemsha maji, kilikuwepo kitufe cheupe, na simu ya mezani iliyolia mchana kutwa bila mtu.

Kwanza alimshukuru Mungu. Hakuna aliyekuwa akifa. Kisha, akiwa bado anashukuru, likaja la pili, na lilikuwa zito. Angekuwa ndiye aliyeanguka leo, yangekuwa hivi hivi. Mteja, namba fulani, na mtu anafunga simu aendelee kula.

Gordy alikuwa amekwishashuka. Alipanda ngazi kwa goti lake bovu, mbili mbili, ameshika ukuta, akaupiga mlango kwa ngumi.

"Hodi! Kuna mtu? Mimi Gordy, nimekuja kukujulia hali."

Lorna alisimama chini, mkono uko mfukoni, funguo zimemgandia kiganjani. Alipaswa kumwita. Alijua kabisa alipaswa kumwita, mzee wa watu anahangaika. Lakini mlango ule hakuna aliyeupiga tangu siku nyingi ambazo hakutaka kuzihesabu, na akamwacha aupige mara nyingine.

"Nimekuja, unasikia?" Gordy alisema mlangoni, na sauti ilikuwa imeanza kukatika. "Safari hii nimekuja. Kama umeanguka gonga chochote. Afande, kuna mtaimbo nyuma ya kiti changu, lete tuvunje."

Lorna akapanda.

"Usivunje, Gordy."

"Hajibu. Yule wa kwanza naye—"

"Usivunje." Neno mpelelezi lilikuwa limeshafika ulimini, pamoja na namba yake. Akalimeza. "Ni mimi. Naitwa Lorna. Nakaa hapa."

Gordy alimtazama, akatazama mlango, akamtazama tena. Akatafuta ukingo wa ngazi akaketi juu ya theluji, kofia mkononi, akipumua.

"Hukubonyeza," hatimaye alisema.

"Niliitwa kwa Vernon. Nilisahau."

Mzee akainuka akishikilia goti. Akavaa kofia, akaivua tena, kama anayekumbuka alichoagizwa kufanya akifika kwa mteja.

"Hujambo, Lorna?"

Jibu la swali hilo ni moja, na kila mtu amelirithi. Lorna alilitafuta jingine, lililo la kwake, akakawia, na Gordy hakumharakisha. Akatoa funguo, akafungua mlango, akapapasa ukutani mpaka taa ikawaka.

"Ingia," alisema. "Nachemsha maji."